Televisheni za Kampala na Deni la Kiswahili

Mtu akisimama juu ya kilima cha Naguru, upande wa mashariki wa jiji la Kampala, sehemu kubwa ya Tarafa ya Nakawa huwa imelala mbele ya macho yake. Kyambogo kuna chuo kikuu kinachofunza walimu, pamoja na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala. Ntinda kuna Baraza la Taifa la Mitihani. Bugolobi ndiko makao ya Tume ya Mawasiliano, UCC, ambayo hutoa leseni kwa kila atakaye kurusha sauti au picha hewani. Na hapo hapo Naguru, kwenye barabara ya Summit View, ndipo lilipo jumba la televisheni ya NBS na ndugu zake. Kwa maneno mengine, wanaoandaa silabasi ya Kiswahili, wanaomfunza mwalimu wa Kiswahili, wanaomtahini mwanafunzi wa Kiswahili, wanaotoa ruhusa ya kurusha picha na wanaozirusha picha hizo, wote ni majirani wa tarafa moja. Mtu aweza kuwazungukia wote kwa bodaboda siku moja, akarudi nyumbani jua halijatua.

Na hata hivyo, mtoto wa kidato cha kwanza aliyefundishwa Kiswahili asubuhi, awashapo televisheni jioni, hukisikia lugha hiyo kwa kubahatisha. Lugha mbili zilizokalia viti vya mbele katika vituo vya Kampala ni Kiingereza na Kiluganda. Kiswahili hupita kama mgeni aliyekuja kuamkia: hukaribishwa kwa heshima, hupewa dakika zake, kisha husindikizwa mlangoni.

Hali hii haikuletwa na ajali. Ni matokeo ya mazoea, na mazoea yakikaa sana huvaa joho la sheria. Sisi walimu wa Kiswahili tumekuwa tukiyanung'unikia mambo haya katika vyumba vya walimu, na manung'uniko hayajengi nyumba. Katika kurasa hizi twapenda kusema kinaganaga kwamba vituo vya televisheni vya Kampala vina deni kwa Kiswahili. Kwamba deni hilo lina msingi katika historia, katika sheria na katika shule. Na kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Zilikotoka televisheni zetu

Televisheni ilianza Uganda mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Ilikuwa mali ya serikali, ikiitwa Uganda Television, na wananchi wakaizoea kwa herufi zake tatu, UTV. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa. Mwaka 1975, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala, picha za UTV zikapata rangi. Lakini ile amri ya lugha haikufuatwa na vitabu vya kutosha, wala walimu wa kutosha, wala mpango wowote wa maana wa kukieneza Kiswahili mashuleni. Lugha ilipewa cheo bila ya kupewa kazi. Utawala ule ulipoanguka Aprili 1979, cheo nacho kikabaki jina tupu.

Kwa miaka ipatayo thelathini UTV ilikuwa peke yake. Milango ilifunguliwa katika miaka ya 1990. Sanyu TV ilikuja mwaka 1994, na miaka michache baadaye ikaja WBS ya mfanyabiashara Gordon Wavamunno, ambayo ilipendwa sana mjini kwa muda mrefu, mpaka ikaelemewa na madeni na mwaka 2016 ikawekwa mikononi mwa msimamizi wa mali. Mwaka 2005 Redio Uganda na UTV ziliunganishwa kisheria, likazaliwa Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC. Mwaka 2008 ikaanza NBS, yaani Nile Broadcasting Services, kituo kilichochota jina lake kutoka mto Nile. Mwaka 2009 ikaanza Bukedde TV, ya kampuni ile ile itoayo gazeti la Bukedde kwa Kiluganda. Juni 2015 mitambo ya analojia ikazimwa Kampala na kandokando yake, na enzi ya dijitali ikaingia, ikiwa na nafasi ya vituo vingi kuliko vilivyopata kuwapo.

Katika hivyo vyote, NBS ndiyo jirani yetu wa Nakawa, nayo imekua upesi. Chini ya uongozi wa Kin Kariisa, kampuni yake mama, Next Media, imekuwa na vyombo vingi: Sanyuka TV ya burudani, Salam TV yenye kuwalenga Waislamu, NBS Sport ya michezo, Next Radio, na gazeti la mtandaoni liitwalo Nile Post. Hatuyataji haya kwa kijicho. Kampuni ya wananchi iliyoanza na kituo kimoja ikafikia kuwa kundi zima la vyombo vya habari ni jambo la kupongezwa, na vijana wengi wamepata kazi na ujuzi humo. Wala hatuitaji NBS kana kwamba ndiyo mkosaji peke yake. Twaitaja kwa sababu ni jirani, ni mkubwa, na mkubwa ndiye aombwaye.

Lakini nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Kampuni ya utangazaji ikitangaza mali zake, huhesabu vituo, kamera, magari ya kurekodia, minara na majengo. Sisi twasema kuwa hesabu hiyo ni nusu. Mali nyingine ya mtangazaji ni lugha anazoziweza. Kituo chenye lugha mbili kina milango miwili. Kikiongeza ya tatu, kina mlango wa tatu. Na hapa mlango wa tatu ni ule wa kuelekea Nairobi, Mwanza, Bukavu, Bujumbura na Unguja. Je, ni tajiri gani ajengaye nyumba kubwa namna hii, kisha akaupiga misumari mlango utazamao barabara kuu?

Visingizio, kimoja baada ya kingine

Kisingizio cha kwanza husema: "Watazamaji wa Kampala hawakielewi Kiswahili." Wasemao hivi wangeanza kwa kuitazama historia ya Nakawa yenyewe. Katika miaka ya ukoloni serikali ilijenga Nakawa na Naguru nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika, na humo wakaishi watu wa makabila mengi ya Uganda pamoja na wengi waliotoka Kenya, Wajaluo na Waluhya wakiwamo. Mtaalamu David Parkin alizichunguza nyumba hizo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kitabu chake kuhusu majirani wa Kampala Mashariki kilitoka mwaka 1969. Majirani wasiozaliwa katika lugha moja walihitaji lugha ya uani, ya bombani na ya kazini, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizobeba mzigo huo. Nyumba zile zilibomolewa mwaka 2011, lakini haja iliyowafanya majirani wale wakisema Kiswahili haikubomolewa pamoja nazo. Barabara ya Jinja bado yapita Nakawa, na malori yatokayo Mombasa kwa njia ya Malaba na Busia bado yapita humo. Madereva wake, mafundi wao na wauzao chakula kandokando hawajapata kuombwa cheti cha lugha.

Tena, wasemao kuwa Kiswahili hakieleweki ndio hao hao wapigao nyimbo za Tanzania katika vipindi vyao vya muziki, usiku na mchana. Vijana wa Kampala huziimba mwanzo mpaka mwisho. Haiwezekani lugha ieleweke ikiwa na ngoma, kisha isieleweke ikiwa na habari. Na hata kama kuna wasioielewa, hiyo ni hoja ya kuwafundisha; kuwanyima si dawa. Hakuna aliyezaliwa Uganda akijua Kiingereza cha taarifa ya habari. Wote walikizoea kwa kukisikia kila siku saa ile ile. Sikio nalo hufundishika.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi, nasi hatutakipita kwa mbio. Husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya bunduki: lugha ya kizuizi cha barabarani, ya amri, ya kipigo. Jambo hili lina chimbuko la kweli. Katika Tarafa hii hii ya Nakawa yako makao ya jeshi Mbuya, makao makuu ya polisi Naguru, na gereza la Luzira. Na katika majeshi hayo yote Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu zama za wakoloni. Wazee wengi wa Buganda walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kikitoka katika kinywa cha mtu mwenye silaha, na katika miaka ya 1970 na ya 1980 wengi walikisikia usiku, mlango ukigongwa. Mtu aliyeumizwa kwa lugha hatakiwi kuchekwa akiiogopa.

Lakini tuulize: kitakachomwondolea mtu hofu hiyo ni nini? Je, ni kukiacha Kiswahili kibaki huko huko kambini, kisikike tu mtu anapokamatwa? La hasha! Lugha huoshwa kwa matumizi mema. Mtoto akimsikia daktari akieleza kwa Kiswahili namna ya kuzuia malaria, akamsikia mkulima wa Kayunga akiulizwa kwa Kiswahili habari za bei ya mahindi, akamsikia bibi akisimulia hadithi ya sungura na fisi, huyo atakua akijua kwamba hii ni lugha ya watu. Chombo kinachoweza kuifanya kazi hiyo kwa wingi na kwa haraka kuliko vyote ni televisheni, kwa kuwa yenyewe huonyesha uso wa msemaji. Kwa hiyo, kila kituo kinachokitupa Kiswahili kwa sababu ya sifa yake mbaya kinasaidia kuidumisha sifa hiyo hiyo.

Kisingizio cha tatu ni cha wenye mapenzi na lugha zao za kuzaliwa. Wao huchelea kwamba Kiswahili kikiingia, Kiluganda, Kisoga, Kiacholi na nyinginezo zitamezwa. Hofu hii nayo ina umri. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kiendelezwe katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929. Tukumbuke kwamba pendekezo lile lilitoka kwa mtawala wa kigeni, na Kabaka alikuwa na haki ya kuilinda lugha ya watu wake. Lakini leo ni nani anayekipokonya Kiluganda mahali pake? Bukedde TV ilipotoa habari zake kwa Kiluganda, na filamu za kigeni zilipotafsiriwa kwa sauti na wale wafasiri wa Kampala waitwao VJ, watazamaji walifurika. Sisi walimu wa Kiswahili twalishangilia jambo hilo, maana lathibitisha hoja yetu: mwananchi hupenda kuhabarishwa kwa lugha iliyo karibu naye. Hatukiombi Kiluganda kisogee hata hatua moja. Lugha iliyojaza nafasi isiyokuwa yake ni Kiingereza, ambacho huzungumzwa studioni hata pale mtangazaji na mgeni wake wote wawili wangeelewana vizuri zaidi kwa lugha nyingine.

Kisingizio cha nne ni cha fedha: "Wenye matangazo ya biashara hawakitaki Kiswahili." Twawaomba wenye vituo watazame wenzao. Azam TV, iliyoanza Tanzania mwishoni mwa mwaka 2013, imefika hadi Uganda, nayo imezipa tamthilia za Kituruki sauti za Kiswahili, watu wakazifuata jioni hadi jioni. Shirika la BBC, lililo London, liliona faida ya kuanzisha Dira ya Dunia ya televisheni mwaka 2012. Kenya iliwacheka na kuwafunza wananchi wake kwa michezo ya Kiswahili kama Vitimbi na Vioja Mahakamani miaka mingi kabla ya vituo vya binafsi kuzaliwa. Wafanyabiashara wa sabuni, wa simu na wa unga wameona faida katika soko hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi wanachama nane, Kongo ikiwamo tangu mwaka 2022. Kipindi kitengenezwacho Naguru kwa Kiswahili kizuri chaweza kuuzwa katika nchi kadhaa bila ya kubadilishwa hata neno. Haya si maombi ya sadaka, twawaonyesha biashara.

Kisingizio cha mwisho ndicho kinachotuudhi kuliko vyote: "Hatuna watu." Hakuna watu, ilhali Kyambogo, ambayo msomaji angeiona kwa macho akisimama Naguru, hutoa walimu wa Kiswahili? Hakuna watu, ilhali Makerere, ng'ambo ya pili ya jiji, ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1952 hadi 1962? Ile kamati iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikaa Kampala miaka kumi. Kampala basi si mgeni katika nyumba ya Kiswahili. Iliwahi kuwa mwenye nyumba. Tatizo halimo katika kukosekana kwa watu. Tatizo ni kwamba kijana ajuaye Kiswahili vizuri hakuitwa kufanyiwa majaribio, na hakuitwa kwa sababu hakuna kipindi, na hakuna kipindi kwa sababu husemwa kuwa hakuna watu. Huo ni mduara wa ng'ombe wa kukamua mafuta: huzunguka siku nzima, na jioni yupo pale pale.

Deni lilivyoandikwa

Mtu aweza kutujibu: "Hayo ni matamanio yenu walimu. Nani alisema vituo vina wajibu?" Jibu ni kwamba nchi imesema, na imesema zaidi ya mara moja.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mambo yatakayoelekezwa na sheria za Bunge. Mwaka 2020 mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza kutumika, na Kiswahili kikawekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya kwanza. Novemba 2021 UNESCO iliichagua Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha kwamba Kiswahili kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mambo haya yamo katika kumbukumbu za nchi.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe la kutukosesha usingizi. Serikali imemwambia mtoto wa Soroti, wa Kabale na wa Arua kwamba ni lazima ajifunze Kiswahili. Mtoto huyo ana vipindi vichache kwa wiki. Mara nyingi mwalimu wake ni mmoja kwa shule nzima, na vitabu hugawanywa kwa wengi. Akitoka darasani haisikii lugha hiyo nyumbani. Na asipoisikia popote, ataikariri kama akaririvyo majina ya milima, ataiandika katika mtihani, kisha ataisahau. Baada ya miaka michache, wale wale wasiokitaka watasimama na kusema: "Mwaona? Tulikijaribu Kiswahili, kikashindwa." Kitakuwa kimeshindwa nini? Kitakuwa kimefungiwa chumbani kisha kikalaumiwa kwa kutojua njia.

Tulijifunza jambo moja katika miaka ya ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika kipindi hicho masomo yalirushwa kwa redio na kwa televisheni. Ni kweli kwamba nyumba nyingi hazikuwa na televisheni, na watoto wengi maskini walipitwa. Lakini ilithibitika kwamba televisheni yaweza kuwa darasa pindi wakubwa wakitaka iwe. Kilichowezekana wakati wa dharura hakiwezi kuitwa muhali wakati wa salama.

Tena, hewa inayobeba picha hizi ni mali ya umma. Mwenye kituo hakuinunua. Ameazimwa kwa leseni. Ndiyo maana UCC, kutoka pale Bugolobi, iliweza kuviwekea vituo sharti la asilimia 70 ya vipindi vya nyumbani. Sharti hilo ni jema. Nasi twauliza swali fupi: katika hizo 70, Kiswahili ni ngapi? Kama chombo cha umma chaweza kuuliza kipindi kimetengenezwa wapi, chaweza pia kuuliza kimesemwa kwa lugha gani, maana Katiba imezitaja lugha rasmi kuwa mbili.

Tunachodai

Twadai mambo matano, na yote yamo ndani ya uwezo.

Kwanza, kila kituo kinachorusha bure kwa umma kiwe na taarifa kamili ya habari kwa Kiswahili kila siku, katika saa ambayo watu wapo nyumbani. Muhtasari wa kufukuzana na saa hautoshi. UBC, kwa kuwa ni shirika la umma lililorithi Redio Uganda, iwe mfano kwa wengine.

Pili, kiwepo kipindi cha kufundisha Kiswahili kitakachoandaliwa kwa pamoja na Kituo cha Mitaala, Chuo Kikuu cha Kyambogo na watangazaji. Hao wote ni majirani. Haitahitajika hata nauli ya basi.

Tatu, tamthilia na filamu ziwekewe maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Gharama yake si kubwa, na mwanafunzi atasoma huku akisikia. Watakaoanza kwa kucheka wataishia kwa kusoma.

Nne, watoto wapewe chao: hadithi, nyimbo, vitendawili, michezo. Lugha inayoanza kusikika ukubwani, katika kikao cha wakubwa, haipati mizizi.

Tano, UCC ikiandika au ikihuisha leseni, iweke kipimo cha Kiswahili, ikikague, na itangaze matokeo ili wananchi wajue nani alilipa deni na nani alikwepa.

Hatutaki Kiswahili cha Julai 7 peke yake, kinachotolewa kabatini mara moja kwa mwaka, kikapigwa pasi, kikavaliwa asubuhi na kurudishwa jioni. Nguo ya namna hiyo huliwa na nondo.

Wajibu wetu

Haitafaa tuwanyooshee wengine vidole, sisi wenyewe tukiwa tumekunja mikono. Siku kituo kitakapotuita na kusema, "Haya, leteni," tutapeleka nini? Walimu tuandike michezo mifupi sasa, si siku ya kuitwa. Tukusanye istilahi za bunge, za bajeti, za afya na za michezo zitakazomsaidia mtangazaji asikwame hewani. Tuwatayarishe wanafunzi wetu kusoma habari kwa sauti, kwa matamshi safi na kwa utulivu, ili kituo kisipate sababu ya kwenda kutafuta msomaji nje ya nchi. Tukisikia Kiswahili kibaya hewani, tuandike barua ya kusahihisha kwa adabu. Na tukisikia kizuri, tuandike barua ya kushukuru, maana mtangazaji asiyesifiwa hukata tamaa. Aidha tuache tabia ya kumcheka Mganda anayejaribu Kiswahili. Lafudhi si dhambi. Kicheko cha mwalimu kimewanyamazisha wanafunzi wengi kuliko ugumu wa ngeli.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Kiswahili kimekuwa mgeni katika televisheni za Uganda tangu mwaka 1963. Siku mbili zilikwisha kitambo. Hatuombi kiendelee kuandaliwa mkeka na kuulizwa habari za safari. Twasema kipewe jembe, kioneshwe shamba, na kiachwe kilime pamoja na wenzake; na mavuno yake yatakapoonekana, ndipo tutakapohukumu kama kilistahili kukaribishwa.